Kabla hujamwita mtu wa kumng'oa mwanao "meno ya plastiki"

Nina pengo kwenye taya la chini, upande wa kushoto, ambalo halikuletwa na ajali wala kuoza. Nilipokuwa na miezi mitano niliharisha na kushikwa na homa, na kijijini kwetu Singida wakasema nina meno ya plastiki, yaani meno mabaya yanayoaminiwa kujificha ndani ya ufizi na kuleta kuharisha na homa, mpaka yachimbwe. Mama anasema bibi aliyeitwa alikuja na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Jino la chonge la upande ule halijaota mpaka leo. La kulia liliota dogo, lina vishimo na madoa ya kahawia. Nilikuwa na miaka 26 daktari wa meno aliponionyesha picha ya eksirei: mahali pa jino palikuwa na mfupa mtupu.

Mwaka jana mwanangu naye akaharisha, akiwa na umri uleule. Mama mkwe alimfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi, akaniambia, "Mama Baraka, yapo. Yanaonekana."

Na kweli yalionekana. Hili nalisema kwa sababu wengi tunawajibu wazee wetu kana kwamba wanaota. Ufizi wa mtoto wa umri huo mara nyingi una uvimbe mweupe pale yanapokaa meno ya chonge. Uvimbe huo ndio jino lenyewe, linajengwa. Meno ya utoto huanza kuumbwa mtoto akiwa bado tumboni, na siku anayozaliwa yote 20 yako ndani ya taya katika hatua mbalimbali. Jino la chonge ni nene na limechongoka, kwa hiyo husukuma ufizi mapema ingawa litatokeza mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Likichimbwa kabla halijakomaa hutoka laini, jeupe, kama mpira. Ndiyo maana likaitwa plastiki, na kwingine nailoni.

Kuharisha kunatoka kwingine. Miezi minne, mitano, mtoto anatia mdomoni kila anachoshika, wengine wameshaanza kulishwa uji, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Vijidudu vinapata njia. Mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja, na tukaamini kwamba moja limezaa lingine.

Kinachotudanganya zaidi ni jinsi kinywa kinavyopona. Ufizi una damu nyingi na chembe hai (seli) zake hujizalisha haraka, hivyo kidonda hufunga ndani ya wiki moja au mbili. Mfupa nao hujaza shimo. Kuharisha kwenyewe mara nyingi hukoma ndani ya wiki. Mama anaona mtoto amechangamka, kidonda kimefunga, anaenda kumsimulia jirani. Lakini chembe zinazojenga jino hazina akiba. Zikikwanguliwa, hakuna kitakachozirudisha. Tena chini ya jino la utoto kuna kichipukizi cha jino la ukubwani, ambacho huanza kukomaa katika miezi hiyohiyo. Spoku haijui kutofautisha. Meno yangu ya utoto yangeng'oka tu siku moja. Nililopoteza ni lile ambalo lingeota nikiwa na miaka kumi hivi na kubaki maisha yote.

Na mimi nilibahatika. Kuna watoto wanaokufa kwa kuvuja damu, kwa pepopunda, au kwa sumu ya vijidudu kuingia kwenye damu. Chuma kimoja kikipita vinywa vingi kinaweza kubeba hata virusi vya UKIMWI.

Mama mkwe sikumbishia. Nilimwambia, "Mama, naomba uniangalie hapa," nikafungua mdomo. Aliangalia muda mrefu. Kisha akauliza tufanye nini, tukachemsha maji pamoja, yakapoa, tukakoroga ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Nakushauri ufanye hivyohivyo: nyonyesha mara nyingi zaidi, mpe ORS kidogokidogo kwa kijiko, na kituo cha afya watakupa zinki ya kumeza siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Akiwa na damu kwenye choo, utosi umebonyea, macho yameingia ndani, au hataki kunyonya, usisubiri kesho. Homa kwa mtoto mdogo hivyo ipimwe, huenda ni malaria.

Kama mwanao ameshafanyiwa, usione aibu kusema. Mpeleke hospitali leo kama anavuja damu, ana homa au amekaza taya, na uwaambie wazi kilichofanyika ili wakague chanjo yake ya pepopunda. Baadaye, akifika miaka sita au saba, mpeleke kwa daktari wa meno apigwe picha. Jino la ukubwani likionekana limepinda au halipo, meno ya jirani yanaweza kupangwa mapema, taya lingali linakua. Mimi nilichelewa miaka 20.