Udongo wa mfinyanzi darasani: anza na kigae, si chungu

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kuingiza ufinyanzi darasani hapa Dar es Salaam, usianze na chungu. Chungu kinadai mikono iliyozoea, na mtoto ambaye chake kimepinda hukata tamaa mapema. Anza na kigae bapa, kipana kama kiganja na kirefu kidogo, unene wa kidole. Mimi nilifundishwa na mama mmoja mfinyanzi upande wa Kisarawe, na kabla hajaniruhusu kufinyanga chochote alinikalisha kukanda.

Udongo ulowekwe, utolewe mawe na mizizi, kisha ukandwe mpaka ulainike sawasawa. Ujaribu hivi: sokota kamba nyembamba kama penseli, uizungushe kidoleni. Ikikatika-katika, mchanga umezidi au maji hayatoshi. Udongo ukinata mno, changanya vipande vya chungu kilichovunjika, vikishatwangwa na kuchekechwa. Hupunguza kupasuka wakati wa kukauka.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana naona tunapoteza mengi tunapoufungia udongo kwenye kipindi cha sanaa peke yake. Kila mwanafunzi achore kwa ncha ya kijiti mstari wa sentimita 10 juu ya kigae kibichi. Kikikauka, aupime tena. Sentimita 10 ni milimita 100, kwa hiyo kila milimita iliyopotea ni asilimia 1. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa wakiziogopa asilimia; walipoona mstari umebaki milimita 94, jibu walilitaja wenyewe, hata chaki sijaishika. Kisha mmoja akauliza hizo 6 zimekwenda wapi, nasi tukawa tumeshaingia kwenye sayansi: maji yaliyokuwa kati ya chembe za udongo yametoka, chembe zikasogeleana.

Ndiyo sababu kigae hukaushwa kivulini, polepole, kikigeuzwa-geuzwa. Juani, upande wa juu husinyaa kabla ya ule wa chini, kikapinda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya jiji letu ina unyevu mwingi na kazi hukawia. Panga kuanzia Juni, kusi inapovuma.

Kuchoma mwachie mfinyanzi. Kigae chenye unyevu kikiingia motoni, maji hugeuka mvuke, kikapasuka kwa kishindo na vipande vikaruka. Watoto watazame kwa mbali. Baadaye waloweke kipande kikavu ambacho hakijachomwa kwenye kikombe kimoja, na kilichochomwa kwenye kingine. Cha kwanza huporomoka kikawa tope, cha pili hubaki vilevile. Moto wa nyuzi 600 hivi na kuendelea umeshaubadilisha udongo wenyewe, haurudi tena ulikotoka.

Kwa somo la historia, waambie wapambe vigae kwa pembetatu za kukwaruza. Vyungu vya mapambo hayo, vya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, vimechimbuliwa kwenye mwambao wetu, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliovichunguza kwa kina.

Jambo la usafi lisipuuzwe. Udongo mkavu usifagiliwe, vumbi lake huumiza mapafu; futeni kwa kitambaa kilicholowa. Maji ya kunawia msiyamwage mtaroni, mitaro yetu imeshaziba vya kutosha. Yalale kwenye ndoo mpaka asubuhi, ya juu mwagilieni miti, tope la chini lirudi kwenye pipa la udongo.