Kiwanja chake, lakini maji ni ya nani?

SWALI: Shikamoo wakili. Nipo Buswelu, Mwanza. Kisima alichochimba marehemu mume wangu kwa sururu hakijawahi kukauka. Mwaka huu jirani amechimba kisima kirefu, anajaza maboza kutwa. Changu sasa kinatoa tope. Ananiambia, "Kiwanja changu, maji yangu." Ni kweli?

JIBU: Marahaba, na pole sana mama. Si kweli. Hoja hiyo ni ya Uingereza: mwaka 1843, kesi ya Acton na Blundell, mwenye kiwanda aliyekaukiwa kisima kwa sababu ya mgodi wa jirani aliambulia patupu. Niliisoma chuoni, hadi leo inaniuma. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayafanya maji yote, hata ya chini ya ardhi, kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati ya kiwanja haimpi mtu umiliki wa maji. Anayeyauza kwa maboza anahitaji kibali. Nenda Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, hapo hapo Mwanza, uulize kama anacho. Lalamika kwa maandishi, ukitaja tarehe kisima kilipoanza kushuka. Tafuta na majirani wengine waliokaukiwa, maana utaulizwa kama chanzo ni pampu yake au kiangazi.