Basi jipya lipo, dereva hana mshahara

Dada, umeuliza kwa nini mji wenu huko Marekani umeletewa mabasi mapya na pesa za Washington halafu ruti zinakatwa eti hakuna hela. Ni hivi, pesa za FTA, shirika la serikali kuu ya Marekani la usafiri wa umma, zile zinazogawiwa kwa fomula chini ya kifungu cha sheria Section 5307, kwa kawaida zinabeba mpaka asilimia 80 ya kununua basi au kujenga karakana, lakini mji ukishavuka watu 200,000 kwa kawaida haziruhusiwi kulipa mishahara ya madereva wala mafuta, hizo mji utafute wenyewe kwenye kodi na nauli. Matengenezo ndo wanakubali, na hapo miji mingi inapumulia. Miji midogo inasaidiwa mpaka nusu ya pengo la uendeshaji, yaani gharama zinazobaki baada ya kutoa nauli, na vijijini kuna fungu lao, 5311.

Sasa usiende kulalamika kwa dereva jamani, nenda MPO, ile bodi ya mipango ya eneo zima, kila eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 lazima liwe nayo. Wao ndo wanapitisha orodha ya miradi ya miaka 4, inaitwa TIP, na sheria inawalazimu wasikilize wananchi kabla hawajapitisha, kwa hiyo nenda na majirani zako mkaseme ruti gani inawapeleka kazini.