Iafoni za Bluetooth za bei nafuu: nilichokiona kwa miaka minne

Mkuu, umeuliza kama iafoni zisizo na waya za bei nafuu zinafaa kwa muziki na simu za kazini, au ni kutupa hela. Nimeshatumia jozi tatu za aina hiyo kwa miaka minne. Kwa muziki chukua, wala usiogope. Kwa simu za kazini usizitegemee.

Nianze na simu, maana hapo ndipo wengi wanalia. Maiki iko sikioni, mbali na mdomo, kwa hiyo inazoa kila kitu: feni, upepo, pikipiki inayopita. Dada yangu alikuwa ananikatisha kabla sijamaliza salamu: "Kaka, toa hivyo vidude, sikusikii." Halafu maiki ikiwaka, Bluetooth inahamia kwenye njia ya mazungumzo, ambayo inabana sauti. Ndiyo maana wimbo mtamu unageuka ghafla kama unatoka ndani ya kopo.

Angalia pia maandishi ya kwenye boksi. ENC inapunguza kelele kwa yule unayeongea naye, haikuzibii wewe masikio. Inayokupunguzia wewe kelele ni ANC. Jozi yangu ya pili niliinunua nikidhani ni kitu kimoja, na iliniuma.

Upande wa muziki, kinachoamua ni vile vipira vya mbele. Miezi kadhaa nililalamika jozi yangu haina besi, kumbe vipira vilikuwa vidogo na sikio halizibi. Nilipoweka vikubwa, besi ikaja palepale, na sauti nikaipunguza. Hilo la kupunguza lichukulie kwa uzito: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Jambo lingine, sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo. Filamu hazina shida, programu nyingi za video zinasawazisha picha na sauti. Kwenye magemu utasikia risasi baada ya kuiona.

Sasa, zinaharibikaje? Kwanza betri. Ya kila upande ni ndogo mno, na ukizoea kuvaa upande mmoja tu, huo ndio utakaochoka mapema. Wangu wa kulia ulianza na saa nne. Baada ya mwaka na nusu ukawa haufikishi saa moja, wakati wa kushoto bado uko imara. Siku hizi nabadilishana.

Pili ni uchafu, na hapa watu wanatupa iafoni nzima kabisa. Chini ya kila upande kuna vidoa viwili vya rangi ya dhahabu, na ndani ya kasha la kuchajia kuna vipini vidogo vinavyobonyea. Jasho na nta vikiganda hapo, haichaji. Mbaya zaidi, haijui kwamba imerudishwa kwenye kasha, kwa hiyo inabaki imeunganishwa na simu: unapokea, humsikii mtu, kumbe sauti inatokea mfukoni. Chukua kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, futa pande zote mbili, acha vikauke. Upande niliokuwa nimeshaukatia tamaa uliwaka taa siku ileile.

Kwa simu za kazini mimi nimerudi kwenye iafoni za waya, zile zenye maiki karibu na kidevu. Kama simu yako haina tundu la iafoni, zipo zenye kichwa cha USB-C, kinachoingia kwenye tundu la chaja.