Waulizeni walioshindwa kesi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: hakimu aliyetumikia watu wake kwa heshima akifariki, aenziwe kwa barabara, shule au mnara? Mimi wa Ujiji nasema kisijengwe hata kimoja kabla walioshindwa kesi mbele yake hawajaulizwa. Kibao cha barabara hubandikwa matangazo, na watu huendelea kuelekezana "pale kwa fundi baiskeli".

Hakimu wetu wa Mahakama ya Mwanzo (jina nawaachia wanawe) alisikiliza kesi ya baba yangu na baba mdogo, kabla sheria ya mwaka 2002 haijapeleka migogoro ya ardhi kwenye mabaraza ya ardhi. Mawakili hawakuruhusiwa mahakama ile, basi ndugu wale walirushiana maneno wenyewe mpaka hakimu akasema, "Twendeni tukaione hiyo michikichi."

Akaja shambani na wazee wawili wa baraza waliokaa naye mahakamani, suruali ameikunja kwa umande. Mama alishakaanga migebuka, ugali wa muhogo umefunikwa. Hakimu akashukuru, akasema ameshiba (muongo, tumbo lilikuwa linanguruma), akanywa maji ya chupa yake. Kisha akapita mchikichi kwa mchikichi, mkaa mkononi. "Huu babu yenu alimpa nani?" Wakikubaliana, anachora alama kwenye shina. Wakibishana, anamwita mkwezi wa zamani, mzee mmoja mwenye makovu ya kamba kiunoni, ambaye hakuna upande uliomkumbuka kuwa shahidi. Yule alijua mikungu ya kila mti aliipeleka nyumba ipi. Jua likatuchoma, baba mdogo akaomba tuahirishe, hakimu akakataa: mkwezi ameacha kazi zake.

Baba alishindwa. Hukumu iliposomwa aliambiwa ana siku 30 za kukata rufaa wilayani. Hakukata, wala hakusamehe. Hadi anafariki alikuwa akimpita hakimu barazani bila salamu. Na hakimu, kwa kuwa baada ya kustaafu ndiye aliyeongoza kamati ya mazishi mtaani, alisimamia kaburi la baba tangu jembe la kwanza.

Sasa nani ana haki ya kusema aenziwe? Si sisi wapiga makofi. Waulizwe walioshindwa kesi mbele yake. Ukali alikuwa nao, hasa kwa vijana, na wapo watakaokataa kabisa.

Mimi ni mtoto wa aliyeshindwa, na nikipigiwa kura nitasema ndiyo, njia ya mahakamani iitwe jina lake. Ila familia isichangishwe hata senti, na baba mdogo asipewe kipaza sauti siku ya uzinduzi.