Maswali ya Wasomaji: Komedi za Waingereza, Episodi Sita Basi?

Barua za safari hii kutoka Arusha na Moshi zimeelemea upande mmoja: zile komedi za runinga za Uingereza, fupi na zenye ulimi mkali. Tumechagua sita.

Mhariri, habari za kazi. Nimelipia duka la muvi hapa mtaani, nikawekewa kwenye flashi siriizi ya Kiingereza ya mambo ya ofisini, The Office. Folda ina episodi sita tu. Nimerudi dukani, jamaa anaapa msimu ndio umeishia hapo. Kanipunja? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

Kwa idadi hiyo, jamaa hana kosa. Sita ndiyo kawaida ya msimu wa komedi Uingereza. Fawlty Towers, ya hoteli yenye mwenyewe mkali kwa wageni wake, ina episodi 12 tu tangu izaliwe: sita za mwaka 1975 na sita za 1979. Fleabag nayo ni 12, za 2016 na 2019. The Inbetweeners ina 18. Peep Show iliyoenda kuanzia 2003 hadi 2015 ina 54, yaani misimu tisa ya sita sita.

Sababu kubwa ni mikono inayoandika. Marekani, msimu wa episodi ishirini na kitu huandikwa na kundi zima la waandishi. Uingereza mara nyingi ni mtu mmoja au wawili: John Cleese na Connie Booth kwa Fawlty Towers, Ricky Gervais na Stephen Merchant kwa The Office, Phoebe Waller-Bridge peke yake kwa Fleabag. Watu wawili wakilazimishwa kutoa 22 kwa mwaka, wataanza kujirudia. Na kwa maoni yetu ufupi huo ndio unaoruhusu ukali: mhusika anaweza kufanya jambo la aibu kabisa, kwa sababu hakuna anayehitaji kumpenda kwa miaka tisa.

Ila kagua folda yako, maana The Office zipo mbili. Meneja akiwa David Brent na mji ni Slough, hiyo ya Uingereza. Akiwa Michael Scott, mji Scranton, ni ya Marekani, ambayo jumla yake ni episodi 201. Mtego ni kwamba msimu wa kwanza wa Wamarekani, wa 2005, nao una episodi sita, na ile ya kwanza kabisa imefuata ya Waingereza kwa karibu sana. Kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi.

Kama ni ya Uingereza, unapaswa kufikisha 14: sita za 2001, sita za 2002 na mbili za Krismasi ya 2003. Hizi mbili ndizo hupotea. Kwenye mafaili huwekwa kama msimu namba 00 au kwenye folda ya pembeni, na mwenye duka hunakili 01 na 02 akaishia hapo. Zidai, kwa sababu humo ndimo hadithi inamofungwa. Bila hizo msimu wa pili unakuacha njia panda.

Tazama pia urefu wa faili. BBC haikati vipindi vyake kwa matangazo ya biashara, hivyo nusu saa yao hukaribia dakika 29 au 30. Channel 4 ina matangazo, kwa hiyo dakika 24 si ajabu. Lakini komedi ya BBC yenye dakika 22 imepunguzwa ili kupisha matangazo ya chaneli nyingine, na kwa komedi ya namna hii ukipunguza ukimya umepunguza utani. (Na tuseme wazi: flashi ya dukani haimfikishii mwandishi hata senti. Njia halali tumezigusa kwenye barua ya mwisho.)

Shikamoo mhariri. Nyumbani tumekulia Mr. Bean na Mind Your Language. Dada yangu ananisifia hizi nyingine, nakaa nusu saa sioni pa kucheka. Hata ile hadhira inayocheka nyuma haimo! (Mwanafunzi, Kiborloni, Moshi)

Marahaba. Mr. Bean utani wake uko mwilini, hata mtoto asiyejua Kiingereza anaupata. Mind Your Language inaegemea matamshi, na hadhira inakutangulia kucheka. The Office imeigizwa kama filamu ya kumbukumbu halisi ya kazini, hivyo hakuna wa kukuonyesha njia. Utani wake umo kwenye sekunde mbili tatu baada ya sentensi. Brent akimaliza kusema, usimwangalie yeye. Angalia waliolazimika kumsikiliza. Yupo kijana anaitwa Tim, hutupa jicho kwenye kamera. Hapo ndipo pa kucheka.

Kuna tofauti na utani tuliouzoea huku. Mchaga na Mpare wakitaniana, wote wawili wanajua wanataniana, na aliyechokozwa atajibu. Brent hajui kwamba anayechekwa ni yeye. Anaamini ni meneja mcheshi kuliko wote duniani. Ndiyo maana kuitazama kunauma kidogo, na wapo wanaozima kwa kuona haya badala yake. Haya hiyo imekusudiwa.

Peep Show ina mtego mwingine: kamera ni macho ya wahusika wenyewe, na mawazo yao yanasikika kama sauti. Mgeni hudhani faili ni bovu, sauti haiendani na midomo. Mdomo usiposogea, hilo ni wazo. Utani uko kati ya alichowaza Mark, mmoja wa wahusika wakuu, na alichokitamka sekunde moja baadaye. Kwenye Fleabag, mwanamke anageuka kukusemesha wewe mtazamaji katikati ya mazungumzo na wengine, nao hawamsikii. Kumbuka kanuni hiyo ukifika msimu wa pili.

Kwa hiyo usianzie huko. Kutoka Mr. Bean nenda Fawlty Towers: kuna milango, kukimbizana, kufokeana, na hadhira ya studio ipo. Kisha The IT Crowd, episodi 25, hadhira bado ipo lakini utani umeanza kuhamia kwenye maneno. Halafu The Office. Peep Show na Fleabag ziwe za mwisho. Na kama unampenda Rowan Atkinson wa Mr. Bean, mkute kwenye Blackadder akiwa na ulimi kama wembe. Ila ruka msimu wa kwanza wa 1983, ambao haujakaa sawa, uanze na wa pili wa 1986. Kila msimu una kipindi chake cha historia na hadithi yake, hutapotea.

Na simu iweke mbali. Nusu ya utani ni nyuso, huwezi kuusikiliza huku unaperuzi.

Kiingereza cha darasani ninacho, lakini hawa wanakimbia. Nikiweka maandishi ya chini, yananiharibia: nasoma utani kabla mtu hajausema. Siku nyingine yanachelewa kabisa. (Mwalimu, Sakina, Arusha)

Mwalimu, hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

La kwanza ni kwamba sentensi nzima hutokea kwa pamoja, na jicho linamaliza kabla ya mdomo. Kwenye kompyuta, fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, na ubonyeze herufi H. Kila mbonyezo unachelewesha maandishi kwa milisekunde 50, kwa hiyo mibonyezo kumi ni nusu sekunde, na nusu sekunde hutosha kurudisha utani mahali pake. Herufi G inarudisha nyuma. Faili la maandishi liwe na jina lilelile la video na likae folda moja nayo, VLC italifungua lenyewe. Alama ya mabano ya mraba ya kufungulia hupunguza mwendo kidogo kidogo. Kwa lafudhi ngumu, kama ya Derry Girls ya Ireland ya Kaskazini, shusha hadi 0.9 kwa episodi ya kwanza. Usishuke zaidi, komedi haina uhai ikiburutwa.

La pili, la kuchelewa, pima hivi: je, yamechelewa sawasawa mwanzo hadi mwisho, au pengo linakua? Likiwa sawasawa, G inamaliza kazi. Likikua, maandishi yaliandaliwa kwa video ya picha 23.976 kwa sekunde, na runinga ya Uingereza hutumia picha 25. Tofauti ni kama asilimia 4. Kwa episodi ya dakika 28 mwishoni umeachwa nyuma dakika moja na ushee. Ukisogeza kwa G utasogeza usiku kucha. Tafuta faili jingine lililoandikwa kwa picha 25.

Je, naweza kuangalia na watoto? Baba mkwe naye yuko hapa wiki hii. (Mama, Rau, Moshi)

Hapana, mama. The Inbetweeners inawahusu wanafunzi wanne, lakini si ya wanafunzi: matusi na mambo ya chumbani kila dakika. Fleabag inaanza na habari za kitandani hata kabla hujamaliza kumimina chai. Uingereza kuna kanuni kwamba yasiyofaa watoto yasirushwe kabla ya saa 3 usiku, na nyingi ya hizi ndiko zilikopangwa.

Kwa mkwe, Fawlty Towers inapita, isipokuwa episodi ya Wajerumani ya msimu wa kwanza, ambamo meja mmoja mzee anatoa maneno ya kibaguzi kuhusu watu weusi. Analengwa yeye mwenye maneno, lakini sebuleni maneno ni maneno. Baadhi ya matoleo yamekata kipande hicho.

Kaka amerudi kutoka Uingereza na DVD halisi. Deki yangu inakataa kuzisoma. (Msomaji, Kijenge, Arusha)

DVD nyingi za Uingereza zina alama ya kanda (eneo la dunia ambako zimeruhusiwa kuchezwa) namba 2, wakati Tanzania iko kanda namba 5. Mfumo wa picha ni PAL kote kuwili, kwa hiyo runinga haina shida. Anayekataa ni deki. Nyingi za bei nafuu husoma kanda zote au hufunguliwa kwa namba za rimoti, fundi wa mtaani atakuambia za modeli yako. Ukitumia kompyuta, jihadhari: kisomeo chake hukubali kubadilishwa kanda mara tano tu, ya tano ikibaki milele. Jaribu kwanza VLC bila kubadilisha chochote. Mara nyingi inasoma.

Msimu mmoja utanila bando la GB ngapi? (Kijana, Majengo, Moshi)

Netflix hukadiria kuwa saa moja hula GB 0.3 kwa ubora wa chini, 0.7 kwa wa kati na hadi 3 kwa HD. Episodi sita za dakika 28 ni saa 2 na dakika 48, yaani chini ya GB 1, karibu GB 2, au zaidi ya GB 8. Kwa simu chukua wa kati, upakue kwa bando la usiku ili umeme au mtandao ukikatika uwe nazo tayari. Lakini angalia tarehe ya kuisha: baadhi ya zilizopakuliwa hujifunga saa 48 baada ya kuanza kutazama. Kabla ya kulipia mwezi hakikisha komedi unayoitaka ipo kwa Tanzania, kwa sababu haki za kuonyesha hutolewa nchi kwa nchi. Na HD usiichague kwa Fawlty Towers: ilirekodiwa kwa mkanda wa video wa zama zake, na GB za ziada hazitaiongezea picha.