Draiva Yangu Inatoa Mpira Chini na Kulia, Nimekosea Wapi?

SWALI: Kocha shikamoo. Nacheza gofu, napiga mkono wa kulia, draiva yangu (ile fimbo ya mapigo marefu) ni ile ya kurekebisha, ilikuja na lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, ya nyuzi 10.5. Mwezi uliopita nikasikia kwamba ukishusha lofti na kusogeza uzito mbele spini (mpira kujizungusha kinyumenyume) inapungua na mpira unaenda mbali, basi nikashusha mpaka 9, na ile skrubu nzito nikaitoa nyuma nikaifunga mbele karibu na uso. Saivi mpira unatoka chini chini, unapinda kulia alafu unadondoka mapema. Kwenye mashine nimepimwa kasi ya fimbo maili 90 kwa saa, mpira unapaa kwa nyuzi 8. Ninunue shafti (mpini wa fimbo) nyingine?

JIBU: Marahaba. Shafti iache kwanza, hela itunze. Tatizo ni kwamba umefanya vitu viwili kwa mpigo na vyote vinavuta upande mmoja: lofti ikishuka mpira unapaa kidogo, na uzito ukienda mbele mpira unapaa kidogo tena na spini inakatika, yaani umepunguza mara mbili kitu ambacho hata mwanzo hukuwa nacho cha kutosha. Ushauri uliousikia sio uongo ila una wenyewe. Mtu mwenye kasi ya maili 115 ambaye mpira wake unapanda kama moshi na kusimama angani, huyo ndo ashushe. Wewe mpira wako unahitaji spini ya kiasi ili hewa iubebe, ukiikata sana kwa kasi hiyo unaanguka tu, ndo hicho unachokiona.

Na kuna ile aibu ya lofti kubwa, wanaume wengi tunayo, mtu akiona 12 imeandikwa kwenye fimbo anaona kama kadharauliwa. Angalia vipimo vya TrackMan, ile rada ya kupima mapigo, vya mashindano ya Marekani: wanaume wa PGA Tour wastani wao umekuwa maili kama 113 kwa saa na mpira unapaa karibu nyuzi 11, wanawake wa LPGA ni maili kama 94 na wanapaisha karibu nyuzi 13, tena fimbo yao inagusa mpira ikiwa inapanda. Sasa wewe wa maili 90 unafanana na nani hapo? Hata kampuni ya TaylorMade walipotoa draiva ya SLDR mwaka 2013, ile yenye uzito wa kuteleza uliokaa mbele, walikuja kuwaambia watu wapandishe lofti, manake uzito wa mbele bila lofti haupaishi mpira.

Kulia je? Hapo ndo wengi hawajui. Ukizungusha ile shingo, pale shafti inapoingia kwenye kichwa cha fimbo, ili kushusha lofti, uso wa fimbo unafunguka pia, na kwenye baadhi ya modeli kila nyuzi moja ya lofti inageuza uso karibu nyuzi mbili ukiilaza fimbo chini. Umeshusha 1.5, piga hesabu. Ukipandisha lofti uso unajifunga, ukiilaza utaona kama unaangalia kushoto kidogo, usishtuke. Ukiushika na kuunyoosha kuelekea unakolenga ndo lofti ile ya ziada unaipata kamili, ukiuacha umejifunga unapata zaidi msaada wa kushoto kuliko urefu wa kwenda juu. Kitu kimoja hicho hicho, ila inategemea unaishikaje.

Kwa hiyo rudisha 10.5 na uzito mzito nyuma, upige kwanza hivo hivo. Uzito nyuma unapaisha, unaongeza spini kidogo na fimbo inakusamehe zaidi ukikosea katikati. Alafu kabla hujagusa skrubu nyingine chukua poda ya miguu ya kupuliza, puliza usoni mwa fimbo, piga mipira kama kumi uangalie alama. Ikiwa chini ya katikati mpira utatoka chini na spini nyingi na hakuna skrubu ya kukuokoa, pandisha tii (kijiti cha kuwekea mpira) mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha fimbo na mpira ukae usawa wa kisigino cha mguu wa mbele. Alama ikiwa upande wa kisigino cha fimbo, yaani karibu na shafti, ujue hiyo peke yake inapindisha mpira kulia. Ukishapata katikati na bado unapaa chini, ongeza lofti nyuzi moja, piga kumi tena. Kimoja kimoja jamani! Na usipime kwa ule mmoja uliokaa vizuri ukauita wastani, sote tunafanya huo ujanja. Kama modeli yako ina nafasi ya uzito upande wa kisigino na kulia kumebaki, peleka uzito huko, ila hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa.

SWALI: Naruhusiwa kubadilisha lofti katikati ya mchezo, mfano shimo la upepo wa mbele?

JIBU: Hapana. Kanuni ya 4.1a inakataza, ukiibadilisha makusudi wakati raundi imeshaanza na ukaipigia mpira unaondolewa mashindanoni. Ukikumbuka kabla hujapiga ukairudisha ilivyokuwa, hakuna adhabu. Upepo wa mbele shusha tii tu.

SWALI: Nimepoteza spana iliyokuja na draiva, nikaze kwa nyingine yoyote ya nyumbani?

JIBU: Usijaribu. Ile spana imewekewa kipimo, inalia tak! ikifika, ndo mwisho wa kukaza. Ya nyumbani haisemi kitu, utakaza mpaka meno ya skrubu yaliwe, au utaiacha nusu. Mimi niliiacha nusu siku moja, nilikuwa na haraka, shimo la saba nikaanza kusikia kitu kinagonga ndani ya kichwa kila nikipiga, nikadhani ni kokoto, kumbe ni skrubu ya uzito imelegea inataka kuhama. Iliyolegea yenyewe kwenye mchezo unaweza kuikaza ikarudi pale pale ilipokuwa bila kuchelewesha wenzako, lakini nilikuwa nimeacha spana kwenye gari.

Nunua nyingine ya modeli yako, na ikae kwenye begi.